Siku ya Kliniki

Umeme ulizimika saa 10 na nusu alfajiri. Haukuwa mgawo wala hitilafu ya nguzo. Uniti za Luku ndizo zilizoisha. Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alikuwa ndiyo kwanza ameshusha miguu kitandani ajiandae kwenda kliniki ya kisukari. Majirani humwita Mwalimu, na hapa ataitwa hivyo hivyo. Hospitali anakotibiwa haitatajwa, kwa kuwa yaliyompata siku ile ya masika yangeweza kumpata mgonjwa yeyote katika hospitali yoyote yenye foleni.

Mwalimu ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14, na shinikizo la juu la damu kwa miaka tisa. Katika miaka minne ya mwisho vidonge peke yake havikutosha, hivyo hujichoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku: uniti 22 asubuhi na uniti 14 jioni. Anajua kuizungusha chupa taratibu kati ya viganja mpaka dawa iwe na weupe ulio sawa, anajua kubadilisha mahali pa kuchoma, na kadi yake ya kliniki haina tarehe aliyoikosa. Wauguzi huwaonyesha wagonjwa wapya kadi ile. Inafaa kulisema hili mapema, kwa sababu habari za namna hii zikisimuliwa katika vyumba vya hospitali, mara nyingi huanza na dhana kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo.

Giza lilimnyima vitu vitatu. Cha kwanza ni chakula: jioni yake alikuwa amechemsha viazi vitamu na kuviweka kwenye hotpoti juu ya meza, ale mara baada ya kutolewa damu. Hotpoti ilibaki mezani. Cha pili ni viatu. Kliniki ilikwisha kumshauri avae viatu vilivyofunika vidole, naye alikuwa navyo, lakini kimoja hakikuonekana chini ya kitanda, na muda ulikuwa unakwenda. Akavaa ndala za mjukuu wake wa darasa la sita. Cha tatu ni simu, ambayo usiku kucha ilikuwa kwenye chaji na asubuhi ikawa na chaji ya kufikia kituo cha daladala tu.

Chupa ya insulini haikuwa nyumbani. Mwalimu hana jokofu, na tangu alipoanzishiwa sindano ameihifadhi dawa yake kwa jirani wa nyumba ya tatu. Alibisha hodi saa 11 kasorobo, akaomba radhi kupitia dirishani, akapewa chupa kwa ukarimu ule ule wa siku zote. Kwa miaka minne mama huyu amebisha hodi mlango wa mtu kila alfajiri na kila jioni. Hakuna aliyemwambia kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa haihitaji jokofu. Chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8; ile inayotumika inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi iwe mahali pa kivuli pasipozidi nyuzi joto 25 hadi 30 kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Katika joto la Dar es Salaam, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, na mchanga uliolowanishwa ukajazwa kati yake, hupunguza joto vya kutosha. Hatari kubwa zaidi kwa chupa iliyo kwenye jokofu la mwenzako ni mtoto kuisukuma hadi kwenye sehemu ya barafu, maana insulini iliyoganda ikayeyuka haifai tena, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Saa 11 alfajiri alijichoma uniti 22, kama kila siku.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na kosa halikuwa lake. Nyuma ya kadi yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Njoo hujala." Maneno mawili. Hapakuandikwa lolote kuhusu sindano. Mwalimu alifanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye nidhamu angeifanya: chakula nimekatazwa, dawa sikukatazwa, basi dawa ninatumia. Insulini ya mchanganyiko hufuatwa na chakula ndani ya nusu saa. Sehemu yake ya haraka hufika kileleni baada ya saa mbili hadi nne, na sehemu ya taratibu huanza kufika kileleni kuanzia saa ya nne na kuendelea. Kwa mtu aliyejichoma saa 11 alfajiri, nguvu hizo mbili hukutana kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Mwalimu alitarajia kuwa amekula viazi vyake kabla ya saa 2.

Kinachosikitisha ni kwamba kufunga kwenyewe pengine hakukuwa na ulazima. Kipimo kilichoandikwa kwenye fomu yake kilikuwa HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, pamoja na vipimo vya figo na mafuta. HbA1c haijali kama mtu amekula ama hajala. Hata kipimo cha mafuta, kwa wagonjwa wengi wa marudio, siku hizi hupokewa bila kufunga. Amri ya "njoo hujala" imebaki kwenye kadi nyingi kwa mazoea, kama bango la duka lililokwisha kuhama.

Mvua ilianza kabla ya daladala kufika kituoni. Njiani maji yalijaa, magari yakasimama. Konda akatangaza kwamba gari linageuza na abiria washuke. Mwalimu alishuka, akadandia bajaji na wenzake wawili, akafika getini saa 2 na dakika 40. Namba yake ya foleni ilikuwa 74. Dirishani kijana wa mapokezi alimwamkia kwa heshima, kisha akamwambia kwamba mfumo wa kompyuta umesimama na majalada yote yamo humo. "Subiri kidogo tu, Mama." Akaketi kwenye benchi. Kidogo hicho kilichukua zaidi ya saa moja na nusu.

Saa 4 na dakika 20 alitolewa damu. Alikuwa amekwisha kuanza kutoka jasho, lakini alidhani ni joto la watu wengi waliolowa mvua. Mikono ilitetemeka alipokuwa akibonyeza pamba mkononi. Alikumbuka viazi vyake, akafungua mkoba, akakuta kadi, kanga na simu iliyozima. Baadaye alimsimulia muuguzi kwamba alijua kabisa kuwa sukari inashuka, ila alikuwa na aibu ya kupoteza nafasi kwenye foleni ya daktari. Dakika chache baadaye hakuwa tena na uwezo wa kujua. Alianza kumwita mwanamke aliyeketi kando yake kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani, akimuuliza mbona hajaleta daftari.

Kijana mmoja alicheka na kusema bibi amelewa asubuhi yote hii. Mwingine alianza kusoma dua, akiamini amepandwa na jini. Ubongo hutegemea sukari kuliko kiungo kingine chochote, na sukari ikipungua sana mtu huweza kuyumba, kuzungumza ovyo, kukasirika bila sababu au kulia. Ndiyo maana hali hii hufananishwa na ulevi, wazimu na mashetani. Aliyemwokoa Mwalimu ni mgonjwa mwenzake, mama wa makamo, aliyesimama na kusema kwa sauti: "Huyu sukari imeshuka. Nani ana soda?" Mama lishe wa nje ya uzio alileta chupa nzima na maandazi mawili. Mwalimu alikuwa bado anaweza kumeza, akanywa.

Yule mama alifanya jambo sahihi. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au mtu akiwa na dalili na hakuna kipimo karibu, apewe takriban gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado iko chini, arudiwe. Akipata nafuu ale chakula cha kawaida. Mtu aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni, kwani kitaingia kwenye mapafu; alazwe ubavu na kupelekwa kwa mganga haraka. Mwalimu alipata soda nzima na maandazi juu yake, yaani zaidi ya mara mbili ya kiasi kile. Kwa mtu aliyekuwa akimwita mgeni kwa jina la mwanafunzi, hakuna wa kumlaumu aliyezidisha. Ila ziada ile ilikuja kuwa na gharama yake.

Saa 6 kasoro dakika 10 aliitwa kwenye chumba cha vipimo vya awali, ghorofa ya kwanza. Alipanda ngazi akiwa bado amechoka, hajapata nafasi ya kwenda chooni tangu alfajiri, na mara tu alipokaa alifungwa mkanda wa kupimia shinikizo huku muuguzi akimuuliza maswali ya usajili naye akijibu. Kipimo kikasoma 174 kwa 98. Kidole kikatobolewa, sukari ikasoma 14.8. Namba zote mbili ziliandikwa kwenye kadi.

Namba zile zilikuwa za kweli, lakini zilieleza saa moja tu ya maisha ya mtu. Shinikizo la damu hupimwa baada ya mtu kupumzika kwa dakika tano, akiwa ameegemea kiti, miguu chini bila kukunjwa nne, mkono ukiwa usawa wa moyo, kibofu kikiwa tupu, bila kuzungumza. Kupanda ngazi, kibofu kilichojaa na mazungumzo, kila kimoja huongeza chake. Sukari nayo ilikuwa imepandishwa na soda, na maandazi, na mwili wenyewe: inaposhuka, mwili humwaga adrenalini na glukagoni ili ini litoe akiba yake, na baadaye kotizoli huja kuongezea. Homoni hizo ndizo zinazopandisha sukari na shinikizo kwa mtu aliyekasirika au kuogopa, hata kama hajatia kitu mdomoni. Wagonjwa wengi husema sukari yao hupanda wakigombana na watoto wao, na si kisingizio.

Daktari alimwona saa 7 mchana. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeamka mapema kama yeye na ambaye nje ya mlango wake palikuwa na watu waliosimama. Alimwamkia, akatazama kadi.

"Mama, sukari hii ni kubwa. Umekula nini leo?"

"Soda, daktari. Na maandazi."

Daktari alinyamaza kidogo. "Soda tena, Mama? Na wewe ni mwalimu?"

Mwalimu alitaka kueleza. Alikuwa na maneno yote kichwani: sindano, foleni, mfumo, mvua, jasho. Lakini baada ya sukari kushuka kiasi kile, mtu hubaki na uzito wa kichwa kwa saa kadhaa, na aibu ilikwisha kuwahi ulimini. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Majibu ya maabara yalikuwa bado hayajaingia kwenye mfumo. Daktari alipandisha insulini ya asubuhi kutoka uniti 22 hadi 28, ya jioni kutoka 14 hadi 18, akaongeza kidonge cha pili cha shinikizo, akamsihi aache vinywaji vya sukari. Kwa taarifa iliyokuwa mezani kwake, alichokifanya kinaeleweka. Swali moja zaidi, "kwa nini ulikunywa soda?", lingebadilisha dawa zote tatu. Swali hilo huchukua muda mfupi kuliko kuandika cheti.

Kwenye dirisha la dawa aliambiwa kidonge kipya hakipo, akajaribu duka la nje, akakuta bei inayozidi nauli aliyokuwa nayo, akaahirisha. Pengine hiyo ndiyo bahati pekee ya siku ile.

Mvua ilikuwa imekatika aliposhuka kwenye daladala karibu na kwake, lakini njia ya kuingia mtaani ilikuwa tope. Ndala moja ikanasa, kamba ikakatika. Alizivua zote mbili, akatembea pekupeku kwa mwendo wa kama dakika kumi, akiwa ameshika mkoba kichwani. Hakusikia chochote. Alipofika aliosha miguu, akaketi mkekani, akalala kidogo kwa uchovu. Mjukuu aliporudi shule ndiye aliyeona. "Bibi, hii damu ya nani?" Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na alama kuanzia kwenye ndoo ya maji mpaka mkekani, kila hatua moja ya mguu wa kushoto. Chini ya kidole gumba palikuwa na kipande cha kioo kilichozama.

Mishipa ya fahamu ya miguu iliyoharibiwa na miaka ya sukari nyingi hufanya hivyo. Huanza kwa ganzi au kwa kuwaka moto usiku, kisha maumivu huondoka na mgonjwa hushukuru, akidhani amepona. Maumivu ni mlinzi. Akiondoka, mguu hubaki bila ulinzi. Kliniki inapaswa kukagua miguu ya kila mwenye kisukari angalau mara moja kwa mwaka, kwa kutazama, kupapasa mapigo ya damu na kugusa nyayo kwa uzi maalumu wa plastiki unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kadi ya Mwalimu, yenye tarehe zote, haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu miguu zaidi ya ule ushauri wa viatu. Ushauri wa viatu bila kukagua miguu ni nusu ya kazi, na siku ile nusu yenyewe ilibaki gizani chini ya kitanda.

Jioni, saa ya sindano ilipofika, Mwalimu alikaa na kadi mkononi. Uniti 18. Ndipo, kama alivyokuja kusimulia, alilia. Hakulia kwa sababu ya mguu, ambao haukumuuma. Alilia kwa sababu ya ile "soda tena, Mama".

Machozi ya namna hii yana jina katika tiba, ingawa mara nyingi hayaandikwi kwenye jalada. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, William Polonsky, na wenzake walichapisha dodoso la maswali 20 kuhusu mzigo wa kihisia wa kuishi na kisukari: hofu ya sukari kushuka, hisia za hatia mtu anapokula alichokatazwa, kuchoshwa na juhudi zisizokwisha, kuhisi kwamba daktari haelewi. Uchovu huu si lazima uwe sonona, japo viwili hivyo huweza kuishi katika mtu mmoja, na sonona ina tiba yake. Uchovu wa kisukari hutokana na kisukari chenyewe na kazi inayoleta. Insulini ilipotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Januari 1922, kwa mvulana wa miaka 14, maana yake ilikuwa uhai kwa watu waliokuwa wakisubiri kufa kwa njaa ya kitabibu. Leo, kwa mtu kama Mwalimu, ni sindano 730 kwa mwaka, na kwa miaka minne zaidi ya 2,900, kila moja ikiwa na hodi ya mlango wa jirani. Mwaka 2009 madaktari na watafiti Carl May, Victor Montori na Frances Mair waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, wakitetea tiba isiyovuruga maisha ya mgonjwa. Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba matibabu yenyewe ni kazi, na kila tunapoongeza kidonge, kipimo au tarehe ya kurudi tunamwongezea mgonjwa kazi. Kazi ikizidi uwezo wake, huanza kuacha baadhi, nasi humwita mkaidi.

Mwalimu hakujichoma uniti 18. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka mingi, na hesabu hii ilikataa: asubuhi uniti 22 zimenipeleka nikamwita mtu jina lisilo lake, vipi jioni niongezewe? Alichaji simu kwa jirani, akampigia muuguzi wa elimu ya kisukari ambaye miaka miwili nyuma aliwahi kuwapa wagonjwa namba yake. Muuguzi alipokea. Alisikiliza yote tangu Luku mpaka kioo. Akamwelekeza abaki na kipimo chake cha zamani baada ya kula, asikitoe kioo mwenyewe, aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, akifunike kwa kitambaa kisafi, asikanyagie mguu, na kesho yake aje moja kwa moja kwake bila kupitia foleni. Kisha akauliza swali lililokosekana mchana: "Mwalimu, leo sukari ilishuka saa ngapi?"

Kesho yake mfumo ulikuwa umerudi. Majibu ya damu iliyotolewa saa 4 na dakika 20, kabla ya soda, yalikuwemo: sukari milimoli 2.6. HbA1c ilikuwa asilimia 8.1, kutoka 8.4 ya mara iliyopita, maana yake Mwalimu alikuwa anaendelea vizuri na hapakuwa na sababu ya kupandisha dawa. (Namba hii nayo haiaminiki kwa kila mtu; mwenye selimundu au upungufu wa damu huweza kupata jibu lisilo sahihi, jambo ambalo katika nchi zetu si la kusahaulika.) Shinikizo, lilipopimwa baada ya kupumzika na kwenda chooni, lilikuwa 146 kwa 84. Daktari yule yule aliitwa. Alisoma namba zote tatu, akakaa. Alifuta alichoandika jana, akaacha insulini ya jioni ilivyokuwa, akapunguza ya asubuhi hadi uniti 20, akasema shinikizo litaangaliwa tena baada ya wiki mbili kabla ya kuongeza dawa. Akamwomba Mwalimu radhi. Mwalimu alijibu, "Hata mimi nimewahi kumchapa mtoto niliyekuja kujua baadaye kwamba hakukosa."

Kioo kilitolewa, kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa za kuua vijidudu. Mguu haukuchomwa na jua wala kutiwa majivu au dawa ya meno, kama jirani alivyopendekeza kwa nia njema. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Wakati huo wote mjukuu ndiye aliyechota maji, na ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutazama nyayo za bibi yake kila jioni kwa kurunzi, kazi anayoifanya kwa ukali wa mkaguzi wa shule. Kadi ya Mwalimu sasa ina mstari wa miguu. Nyuma yake, maneno mawili ya zamani yamekatwa, na muuguzi ameandika chini yake: "Siku ya kipimo kula kama kawaida. Ukiambiwa ufunge, usijichome insulini mpaka utakapokula. Piga simu kuuliza." Chupa ya dawa inakaa nyumbani kwenye chungu. Jirani alinung'unika kidogo kwamba siku hizi hatembelewi.

Kliniki iliyofuata, Mwalimu alifika na hotpoti. Pembeni yake aliketi kijana mwembamba mwenye kadi mpya kabisa, akijipepea kwa karatasi ya maabara ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Hapana. Wameniambia nije sijala."

"Na sindano, umejichoma?"

"Ndiyo, saa 12."

Mwalimu alifungua hotpoti, akamkabidhi kiazi kimoja, kisha akainuka kwenda kumwita muuguzi.